Talaka Mahakamani Tanzania Bara: Mwongozo Kamili wa Sheria, Mali na Fedha

Wengi wanaofungua shauri la talaka hufika mahakamani wakiwa na mengi ya kueleza kuhusu makosa ya wenzi wao, lakini wakiwa hawana karatasi hata moja inayohusu nyumba, shamba au fedha wanazozidai. Hakimu anaweza kuwaamini katika yote waliyosema kuhusu ugomvi, akaivunja ndoa, na bado wakatoka na mgao mdogo kuliko jasho lao, kwa sababu kuvunja ndoa na kugawa mali ni maamuzi mawili yanayohitaji ushahidi tofauti. Mwongozo huu unafuata safari nzima kwa mpangilio wake, na umekaa zaidi kwenye suala la mali, kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza haki zao kwa kutojiandaa.

Sheria inayotawala hapa ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, ambayo inazigusa ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za Kikristo, za Kiislamu, za kimila au zilizofungwa kwa Mkuu wa Wilaya. Zanzibar haimo: huko Waislamu hupeleka mashauri yao ya ndoa katika Mahakama ya Kadhi, chini ya Sheria Namba 9 ya mwaka 2017. Msomaji aliyeko Mombasa au Nairobi naye ana sheria zake, yaani Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, na vifungu vitakavyotajwa hapa visimwongoze.

Kwanza, fahamu hali ya ndoa yako kisheria

Tafuta cheti cha ndoa. Kikiwa kimepotea, nakala huombwa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa) au kwa mamlaka iliyofungisha ndoa. Aliyeoa au kuolewa kimila bila cheti atahitaji mashahidi waliokuwepo wakati mahari inatolewa na sherehe inafanyika, na ni vyema majina yao yaandikwe mapema, kwani wazee hufariki na majirani huhama.

Waliokaa pamoja bila kufunga ndoa yoyote hawajaachwa nje kabisa. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika mazingira yaliyoifanya jamii iwatambue kuwa mume na mke, watachukuliwa kuwa walioana, mpaka upande mwingine uthibitishe kinyume chake. Dhana hiyo ikivunjwa, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine isiyoruhusu ya pili, bado mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Ushahidi wake ni wa kawaida sana: barua ya mwenyekiti wa mtaa, mkataba wa pango wenye majina ya wote wawili, kadi za kliniki za watoto.

Hesabu pia umri wa ndoa. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haiwezi kuombewa talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hicho hutolewa pale mwombaji anapoonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida.

Jambo linalowakwaza Waislamu wengi ni talaka ya mdomo, au siku hizi ya ujumbe wa simu. Kwa Sheria ya Ndoa, talaka aliyotamka mume haiivunji ndoa peke yake. Kifungu cha 107(3) kinataka mgogoro uwe umepita kwanza kwenye baraza, baraza lishindwe kusuluhisha, ndipo mmoja wao afanye tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa. Hapo mahakama itatamka kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mke aliyepewa karatasi ya talaka na kuambiwa aondoke nyumbani bado hajatoka kwenye ndoa mbele ya mahakama, na haki yake ya kudai mali bado iko palepale. Kwa Wakristo, hukumu ya mahakama huvunja ndoa mbele ya dola hata kama kanisa lao haliitambui talaka, na suala la kufunga ndoa nyingine kanisani ni la taratibu za kanisa lenyewe.

Asiye na uhakika kama anataka talaka anaweza kuomba amri ya kutengana, ambayo huwaondolea wanandoa wajibu wa kuishi pamoja bila kuivunja ndoa. Hakuna kati yao anayeweza kuoa au kuolewa upya kwa amri hiyo, isipokuwa mume ambaye aina ya ndoa yake inamruhusu mke mwingine.

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa

Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla ya kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na kupata hati inayosema kwamba usuluhishi umeshindikana. Watu huliona baraza kama kituo cha kupoteza muda, na ndiyo sababu hatua hii huwagharimu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, katika Rufaa ya Madai Namba 246 ya 2019, ilifuta mwenendo mzima wa shauri kwa kuwa halikutanguliwa na hati halali ya baraza. Wanandoa walikwishapanda ngazi zote za mahakama, wakarudishwa mwanzo.

Baraza linalostahili kwa kawaida ni la kata anayoishi mume. Jumuiya za dini nazo zinaweza kuwa na mabaraza yao, kama yale ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na ya makanisa, mradi yawe yameanzishwa kwa mujibu wa sheria. Kikao cha wazee wa ukoo, usuluhishi wa mshenga au maongezi na mchungaji, hata vikiwa na busara kiasi gani, si baraza. Kabla ya kukaa kikao, uliza kama wanatoa Fomu Namba 3, ambayo ndiyo hati inayotakiwa mahakamani. Barua ya kawaida yenye maneno "tumewashindwa, waende mbele" imewahi kuzua mabishano yasiyo ya lazima katika mashauri mengi.

Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya baraza, na ndugu wa familia ndiye anayeweza kusimama kwa niaba ya mhusika. Baraza litawaita wote wawili na kuwasikiliza. Hati ikitolewa, angalia mambo mawili papo hapo: kwamba inatamka wazi kuwa baraza limeshindwa kuwapatanisha, na kwamba ina tarehe. Tarehe ina uzito kwa sababu hati inayoambatanishwa na maombi ya talaka haitakiwi kuwa imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya shauri kufunguliwa. Aliyeipata hati, akarudiana na mwenzi wake kwa mwaka mzima, kisha wakagombana tena, aanze upya kwenye baraza.

Yapo mazingira ambayo sheria inaruhusu kuliruka baraza: mwenzi ametoroka na hajulikani aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi 6, aliitwa barazani akakaidi kwa makusudi, anatumikia kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 5, anadaiwa kuwa na ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna hali ya kipekee inayofanya baraza lisiwezekane. Katika hali zote hizo, msamaha unadaiwa kwa ushahidi ndani ya maombi yenyewe. Anayepigwa au kutishiwa maisha asisubiri ratiba ya baraza kutafuta usalama wake. Dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi ndipo pa kuanzia, na taarifa iliyofunguliwa huko itakuwa pia sehemu ya ushahidi wake baadaye.

Kusanya ushahidi wa mali kabla vumbi halijatimka

Kazi hii ifanyike wakati bado kuna njia ya kuzifikia nyaraka, ikiwezekana kabla ya baraza. Ni vigumu kumwomba mtu nakala ya hati ya kiwanja siku moja baada ya kumpelekea samansi.

Msingi wa kisheria ni kifungu cha 114, kinachoipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo, inaelekezwa kuegemea kwenye usawa. Neno kuegemea lisichukuliwe kuwa ni nusu kwa nusu. Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi, na Mahakama ya Juu ya Kenya nayo mwaka 2023 ilikataa hoja kwamba usawa wa wanandoa katika katiba unamaanisha kila mmoja achukue nusu moja kwa moja.

Je, mke aliyelea watoto na kutunza nyumba bila mshahara ana mchango? Ndiyo, na jibu hilo lilitolewa mwaka 1983 katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambamo Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni juhudi zinazohesabika. Hukumu hiyo hutajwa sana kwenye semina, lakini upande wake wa pili hausemwi: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao alioomba, kwa kuwa ilionekana kwamba alikwisha kupewa fedha na mumewe, akazitumia vibaya. Kutambuliwa kwa aina ya mchango hakumwondolei mtu kazi ya kuuthibitisha na kueleza kilichotokea kwenye fedha alizoshika.

Kwa hiyo tengeneza orodha ya mali, na kwa kila mali jibu maswali manne: ilipatikana lini, kwa fedha ya nani, iko kwa jina la nani, na wewe ulifanya nini juu yake. Kiwanja kilichopimwa kitakuwa na hatimiliki au barua ya toleo, yaani barua ya mamlaka ya kukugawia kiwanja. Kisichopimwa kitakuwa na mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na serikali ya mtaa au kijiji. Ujenzi huthibitishwa kwa risiti za saruji, mabati na nondo, kwa makubaliano na fundi, na kwa ushahidi wa fundi mwenyewe. Mishahara na mikopo huonekana kwenye taarifa za benki, na miamala ya simu huombwa kwa kampuni husika na mwenye namba. Madaftari ya kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) na SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) yana thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa mama lishe na wauza mitumba ambao fedha zao hazijawahi kupita benki: mkopo wa kikoba uliotoka mwezi uleule nyumba ilipoezekwa huzungumza wenyewe mbele ya hakimu.

Jina lililoandikwa kwenye hati halimalizi mjadala, ila linaelekeza nani ana kazi ya kuthibitisha. Kwa kifungu cha 60, mali iliyo kwa jina la mwenzi mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka mwingine aonyeshe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao kwa usawa. Mali ambayo mtu aliipata kabla ya ndoa, au shamba alilorithi, hubaki yake, isipokuwa pale ilipoendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzi wake au na wote wawili. Aliyeolewa akakuta nyumba ya vyumba viwili, wakaongeza vyumba vinne na uzio, adai katika ongezeko hilo na athibitishe lilivyojengwa.

Hali ngumu zaidi ni mali iliyoandikwa jina la mtu wa tatu. Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha baba mkwe, gari lililosajiliwa kwa jina la kaka, au ghala lililo mali ya kampuni haviwezi kugawanywa kana kwamba ni vya wanandoa, na mwenye jina ana haki ya kusikilizwa. Kwa kampuni, kinachoweza kugawanywa ni hisa za mwenzi, na taarifa zake zinatafutwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Katika ndoa ya wake wengi, kila mke aeleze mali iliyochumwa katika kipindi chake na kwa jasho lake, kwani mke wa pili hagawiwi nyumba ambayo mume na mke wa kwanza walikwisha kuimaliza kabla yake.

Wakati huohuo, linda mali isiuzwe. Kifungu cha 59 kinamkataza mwenzi kuuza, kutoa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, na kinampa mwingine haki ya kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Ardhi isiyosajiliwa haina rejesta ya kuwekea zuio, hivyo mwandikie barua mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, apige muhuri nakala yako. Kisha shauri likifunguliwa, omba amri ya mahakama ya kuzuia mauzo.

Kufungua shauri

Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya talaka. Kwa wananchi wengi mahakama ya mwanzo inatosha: iko karibu, ada yake ni ndogo, na shughuli zake huendeshwa kwa Kiswahili. Penye mali nyingi, kampuni au mashahidi wa mbali, mahakama ya wilaya na wakili vinafaa zaidi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ikiwemo kwa mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Maombi yaeleze ndoa ilipofungwa, watoto na umri wao, chanzo cha mgogoro, mali na madeni, na yaambatanishwe na hati ya baraza. Sababu moja tu ndiyo inayotakiwa kisheria, yaani kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka 3, kutengana kwa muda kama huo, kifungo kirefu na mengine yaliyotajwa katika kifungu cha 107 ni ushahidi wa kuvunjika huko. Sioni faida ya kuorodhesha kila tusi lililowahi kutolewa. Matukio matatu yenye tarehe, mashahidi na hati ya daktari yana nguvu kuliko kurasa kumi za manung'uniko.

Muhimu zaidi ni sehemu ya maombi ya mwisho, ambayo mara nyingi huandikwa kwa haraka. Usiombe tu "mgawanyo wa mali". Taja kila mali, kiwango unachoomba, na namna ya kugawa: nyumba iuzwe na fedha zigawanywe, au ithaminiwe na mthamini na mmoja amlipe mwenzake ndani ya muda fulani, au mmoja achukue nyumba na mwingine achukue shamba. Hukumu inayosema tu "asilimia 40 kwa mdai" juu ya nyumba moja huzaa ugomvi mwingine wakati wa kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa amri ya mahakama, kwa sababu haisemi nani atoke na nani alipe. Omba pia matunzo ya muda wakati shauri likiendelea, endapo unayahitaji.

Wanandoa wanaokubaliana kuhusu mali wanaweza kuyaandika makubaliano yao na kuyawasilisha ili yaingizwe kwenye hukumu. Makubaliano ya mdomo mbele ya wajomba hayakaziki.

Madeni

Mahakama huyaangalia madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya familia, lakini hukumu yake haiifungi benki. Uliyetia saini kuwa mdhamini wa mkopo wa mwenzi wako, au uliyeridhia nyumba ya ndoa iwekwe rehani, utabaki na wajibu huo hata baada ya talaka mpaka deni liishe au benki ikubali kukutoa. Kabla ya shauri, andikia benki na SACCOS kuuliza salio la kila mkopo wenye jina lako. Mikopo ya "kausha damu" (ya mitaani yenye riba kubwa) iliyochukuliwa kwa siri na kutumika nje ya familia ni deni la aliyeichukua, na anayedai hivyo aonyeshe kwamba fedha hazikuingia nyumbani.

Watoto na matunzo

Kigezo kikuu ni ustawi wa mtoto. Sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mtoto anayeweza kutoa maoni yake husikilizwa. Mahakama inaweza kuomba taarifa ya ofisa ustawi wa jamii, hivyo atakapokutembelea mweleze hali halisi ya shule, makazi na afya. Wajibu wa baba kutunza watoto haukomi kwa sababu hawaishi naye, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawabebesha wazazi wote wawili jukumu la malezi.

Njoo na bajeti. Andika ada, sare, chakula, nauli, matibabu na sehemu ya kodi ya nyumba, kisha ambatanisha risiti na ushahidi wa kipato cha mwenzi wako. Ukiomba "kiasi kitakachoonekana kinafaa", utapewa kiasi kinachokisiwa.

Matunzo ya mwenzi ni suala jingine. Mke anaweza kuyaomba, na mume naye pale ambapo ulemavu au maradhi yamemwondolea uwezo wa kujipatia kipato. Kwa waliooana Kiislamu, matunzo ya mke baada ya talaka kwa kawaida huishia na eda (muda ambao mke hungoja baada ya talaka kabla ya kuolewa tena), isipokuwa mahakama ione sababu maalumu.

Baada ya hukumu

Omba nakala ya hukumu na ya tuzo (hati fupi yenye amri zilizotolewa katika hukumu) mara moja. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya afanye hivyo ndani ya siku 30. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, Sheria ya Ndoa inatoa siku 45. Talaka isajiliwe RITA ili upate cheti cha talaka, ambacho utadaiwa siku ya kufunga ndoa nyingine na katika ofisi nyingi za umma.

Mwenzi asipotii, rudi mahakama ileile kuomba kukaziwa hukumu. Kwa ardhi, hakikisha umiliki unahamishwa kwenye rejesta, kwani hukumu iliyobaki kabatini haimzuii mtu kumuuzia mgeni. Kabla ya uhamisho, iandikie TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kuomba mali ichukuliwe kuwa imehamishwa kwa sababu ya talaka: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu mali inayohamia kwa aliyekuwa mwenzi isihesabiwe kuwa imeleta faida ya kutozwa kodi, mradi ombi hilo lifanywe kwa maandishi.

Badilisha pia majina ya wategemezi katika mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF, bima ya afya, kazini, benki na kwenye kikoba, pamoja na wosia kama upo. Haya yasisubiri, lakini pia yasichanganywe na hadhi ya ndoa yenyewe. Mpaka siku hukumu ya talaka inapotolewa, wanandoa ni wanandoa hata kama wametengana kwa miaka kumi. Mmoja akifariki shauri likiwa linaendelea, ndoa itakuwa imekoma kwa kifo, aliyebaki atakuwa mjane au mgane, na madai yake ya mali yatahamia kwenye mirathi.